Ya Kwanza ni ya Sinki

Kwa miaka ishirini na tisa, katika maabara ya hospitali yenye madirisha sita ambayo mawili tu ndiyo yaliyokubali kufunguka, Mama Sinki alimwaga vya kwanza. Alivuta damu kwa pipeti, akaitema ile ya kwanza sinkini, akavuta tena, na hiyo ya pili ndiyo aliyoipima. Hakuwa na wazimu. Pipeti kavu hujilambia kidogo pembeni, kipimo kikapungua; ukishailowesha, inatoa chote ilichopewa. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. "Ya kwanza ni ya sinki," alisema, na ili asichoke kusema aliyaandika maneno hayo kwa wino mzito kwenye kipande cha plasta, akakibandika ukutani juu ya bomba. Jina lake likazaliwa hapo.

Jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Mwanamke mwenye watoto huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, mama fulani, na anayemwita hivyo hana nia mbaya. Mama Sinki alikuwa na watoto wawili wakubwa, mmoja dereva wa lori na mwingine mwalimu wa hesabu, lakini kabla yao alikuwa na wa kiume aliyekaa duniani siku nne akaondoka kabla jina lake halijatangazwa. Sasa utamwita mama nani? Alipoanza kuitwa Mama Sinki, swali likaisha. Kila Januari karani wa utumishi alipopitisha fomu zake, kwenye mstari wa idadi ya watoto yeye aliandika wawili, akatia sahihi, akarudi kazini.

Mazoea ya kumwaga yalimfuata mpaka nyumbani. Chai ya kwanza kutoka kwenye birika aliimwaga. Maji ya kwanza ya bomba asubuhi aliyaacha yaende zao. Mumewe, fundi bomba mstaafu ambaye mtaa mzima ulikuwa bado unamwita kila kitu kilipovuja, alisema ameoa mwanamke anayelisha mifereji. Wenzake kazini walikwenda mbali zaidi, wakadai hata mchumba wake wa kwanza alikwenda na sinki. Hilo lilikuwa kweli, na aliwaacha wacheke. Utani wa mtoto hakuna aliyewahi kuutoa, kwa sababu hakuna aliyejua isipokuwa mumewe, na yeye alikuwa fundi: alijua bomba gani halifunguliwi.

Mwaka ule hospitali iliahidiwa mashine mpya ya kupimia damu. Moja. Mkuu wa maabara, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake na mpaka leo alinyanyuka kitini bila kupenda kila alipomwona anaingia, alimwita ofisini.

"Mama, tumeletewa mbili za majaribio," alisema. "Wiki sita. Moja kubwa, moja ndogo. Tutabaki na moja tu. Wewe ndiye utakayezijaribu, na ripoti utaandika wewe. Utakachosema ndicho nitakachokipeleka juu."

"Kwa nini mimi?"

"Nikiandika mimi watasema nimehongwa. Wewe kila mtu anajua huhongeki. Hata chai yetu unaimwaga."

Ile kubwa ilikuja kwa lori na wanaume wanne. Ilikuwa na upana wa kabati la nguo la milango miwili, na Kabati likawa jina lake kabla haijachomekwa kwenye umeme. Kabati lilikunywa lita ishirini za maji safi kwa zamu, likayatapika machafu kwenye dumu, likanguruma, likageuzageuza mikono yake ya chuma, na kabla ya mapumziko ya mchana likawa limepima mirija mia mbili ya damu. Kila mrija lilitaka mililita mbili, ambazo hazifiki nusu ya kijiko cha chai. Tena, na hili ndilo lililomgusa Mama Sinki moyoni, lilivuta damu, likaitema ile ya kwanza, likavuta tena. Aliposhuhudia hayo alirudi nyuma hatua moja, akaliangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Hili limelelewa," alisema.

Ile ndogo ililetwa na muuzaji mwenye tai, ndani ya mkoba wake, pamoja na mwavuli. Nayo ikapata jina siku hiyohiyo: Kibiriti. Ulichukua kadi ya plastiki iliyochongwa vijia vyembamba kuliko unywele, ukadondosha tone moja mlangoni, tone likajiendea lenyewe vijiani, kila kijia kikalikutanisha na dawa yake, na baada ya dakika kumi na tano namba zikatokea. Hakikunguruma. Hakikunywa maji. Kilipima mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kadi ikishatumika hairudiwi.

"Tone moja tu, mama," alisema muuzaji. "Si unajua wenyewe wanasema haba na haba hujaza kibaba?"

"Naona haba," alisema Mama Sinki. "Kibaba kiko wapi?"

Muuzaji alifungua kijitabu cha maelekezo, akakifunga.

"Na ya sinki?" aliuliza Mama Sinki.

"Ipi hiyo?"

"Ya kwanza. Inamwagwa wapi?"

"Hapa hakuna ya kwanza na ya pili, mama. Ni hiyo moja."

Mama Sinki alimwangalia kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba mpya akaambiwa haina mlango.

Jioni alimweleza mumewe, aliyekuwa amekaa barazani akifunga uzi kwenye koki ya jirani. Fundi aliweka koki chini. "Vyembamba kuliko unywele? Hapo umekwisha. Bomba pana, chembe ya mchanga inapita huku inakusalimia. Bomba jembamba halina msamaha. Chembe moja tu, nyumba nzima inaoga kwa kopo." Mama Sinki aliingia ndani akayaandika maneno hayo kwenye daftari la majaribio, neno kwa neno, chini ya kichwa "Maoni ya Mtaalamu." Wiki ya kwanza mapovu yaliziba kadi tatu. Kila mara aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake: Povu. Povu tena. Povu.

Usimwone mbishi tu, alikuwa na sababu. Nje ya dirisha la kupokelea damu palikuwa na foleni iliyoanza kabla jua halijachomoza. Kwa miaka ishirini na tisa aliwaona watu wa foleni ile kuanzia kifuani mpaka kidevuni, kwa sababu dirisha lilikatwa hivyo, na aliwajua kwa vifungo vya mashati yao. Mtu alitoa damu leo, akaambiwa njoo kesho, kesho akaambiwa kesho kutwa. Kabati lingeimaliza foleni hiyo kwa wiki moja, na yeye angestaafu akiacha benchi tupu. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote pale kazini. Ripoti yake ilikuwa imeshaandikwa kichwani; zilibaki wiki tano za kuipigia mhuri.

Ubishi ulitoka wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Msimamizi wake alikuwa sista mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Wakati huo wodi ilikuwa na mtoto wa kike aliyezaliwa na kilo moja kasorobo, na kwa kuwa mama yake alikuwa bado hajathubutu kumpa jina, wauguzi walimwita Kasorobo. Kila siku ilibidi damu yake ipimwe sukari, chumvi na manjano. Na Mama Sinki, mwenye majaribio yake, alikuwa ameweka kanuni: kila sampuli ipite kwenye mashine zote mbili, la sivyo atalinganisha nini na nini?

Sista alikuja mpaka maabara, akasimama mlangoni.

"Dada, unamtoa mtoto damu mara mbili."

"Simtoi mimi. Mnamtoa nyinyi. Mimi napokea."

"Unapokea unamwaga. Hebu niambie, mtoto huyu ana damu kiasi gani? Yote, mwili mzima."

Hesabu hiyo Mama Sinki aliijua. "Mililita sitini."

"Vijiko kumi na viwili vya chai. Bandu bandu huisha gogo, dada. Na yule si gogo, ni njiti."

"Kanuni ni kanuni," alisema Mama Sinki.

Sista aliondoka, na kwa siku tano za juma lile, Jumatatu mpaka Ijumaa, alileta mililita mbili za Kabati na tone la Kibiriti, kama kanuni ilivyotaka. Jumatatu iliyofuata ikaja karatasi kutoka wodini: Kasorobo amepauka, aongezewe damu, mililita kumi. Kazi ya kuilinganisha damu ya kuongezewa ilikuwa ya Mama Sinki mwenyewe. Aliifanya kwa uangalifu wake wote, na alipokuwa akiandika kiasi kwenye lebo mkono ukasimama. Mililita kumi ni vijiko viwili. Mililita mbili kwa siku, siku tano, ni vijiko viwili. Kilichokuwa kinamrudia mtoto kilitoka kwa mtu mzima asiyemjua. Chake mwenyewe kilikuwa kwenye dumu la Kabati, na ya kwanza ya kila tone la Kibiriti ilikuwa sinkini.

Aliona aibu. Kwa kuwa hakuwa na uzoefu nayo, alidhani ni uchovu, akanywa maji. Kisha alifungua daftari akaandika: Mtoto njiti, Kibiriti peke yake. Sababu hakuandika, na sista alipopata habari hakuuliza.

Siku nane zilipita hivyo, tone kwa tone, na kila tone likatosha kadi na sinki. Asubuhi ya tisa sista alimletea mrija wa kioo mwembamba kama mwiba, na ndani yake tone moja ambalo halikuujaza hata huo.

"Limetoka kwa shida," alisema. "Visigino vyote viwili vimechoka. Anatetemekatetemeka tangu alfajiri, nadhani sukari. Fanya haraka, dada."

"Nenda tu. Kadi iko tayari."

Kadi ilikuwa tayari kweli, imetolewa kwenye pakiti, Kibiriti kimewashwa. Mama Sinki alichukua pipeti ndogo, akaivuta damu yote kwa ustadi, bila povu hata moja. Kisha akageuka kushoto, akaitema sinkini, akarudi kwenye mrija kuvuta ya pili.

Mrija ulikuwa mweupe, msafi, kama ulivyotoka kiwandani.

Hakuelewa mara moja. Aliugeuza mrija juu chini. Aliutazama kwenye mwanga wa dirisha. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, na walisema kweli: mkono ulikuwa umefanya kazi yake ya miaka ishirini na tisa bila kumwuliza mwenye mkono. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu hata usijaribu. Yeye alijaribu. Aliinama na pipeti juu ya sinki, akatafuta, lakini dawa ya kuulia vijidudu ilikuwa imeshaligeuza tone kuwa doa la kahawia linalokwenda zake. Alipoinua kichwa alikutana na plasta yake ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Juu ya meza palikuwa na mhuri. Kila maabara inao: SAMPULI HAITOSHI. Ukiupiga kwenye karatasi ya wodi, wodi inalaumu sindano, inamchoma mgonjwa tena, na hakuna anayeuliza lolote. Katika maisha yake yote alikuwa ameupiga pale tu sampuli isipotosha. Aliushika, akaugandamiza kwenye kidau cha wino, akaupeleka juu ya karatasi yenye neno Kasorobo. Mhuri ukakaa hewani muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi ya mhuri. Akaurudisha.

Kutoka maabara hadi wodi ya njiti ni hatua mia moja na arobaini na ngazi kumi na mbili. Alijua siku hiyo, kwa sababu hakuwahi kwenda kabla. Watu walidhani ni wingi wa kazi. Ukweli ni kwamba aliiogopa wodi ile tangu siku aliyoajiriwa, na alikuwa amepanga kustaafu bila kuiona.

Ndani palikuwa na joto na kimya. Mama wa Kasorobo, mshonaji kijana ambaye alikuwa amesahau kuvua futi ya kitambaa shingoni tangu alipoletwa hospitali, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya sanduku la joto, mkono mmoja umeingia tunduni, kidole kimoja kikishikwa na kitu kilichokuwa mkono mzima wa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi natoka maabara." Sista aliyekuwa upande wa pili aligeuka. Mama Sinki akaendelea: "Damu ya mwanao nimeimwaga."

"Haikutosha?" aliuliza mshonaji.

"Ilitosha. Nimeimwaga mimi. Kwa mazoea tu."

"Yote?"

"Yote. Lilikuwa tone moja."

Mshonaji alimwangalia mtoto, akamwangalia yeye. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayejibu maswali ya mapokezi: "Sijui hata nikwambie nini, mama. Huyu ni wangu wa kwanza."

Kuhusu vya kwanza Mama Sinki alikuwa na jibu tayari miaka yote hiyo. Lilikuwa limebandikwa ukutani. Halikuja. Kilichokuja ni siku nne za zamani, zote kwa mpigo, pamoja na uzito wake mikononi, ambao hakuna aliyeupima. Hakuwahi kulia kazini na hakulia siku hiyo. Ila aliketi, bila kukaribishwa, juu ya ndoo ya nepi chafu.

"Nyanyuka, dada," alisema sista, akichukua sindano. "Nitatoa jingine, safari hii ukimbie nalo."

"Ngoja," alisema Mama Sinki. "Usimchome kwanza."

Alitoka. Waliomwona kwenye ngazi wanasema alikimbia, na yeye anakanusha mpaka leo. Aliporudi alikuwa amekibana Kibiriti kwapani kama kitabu cha nyimbo, na kadi mpya mfukoni. Kabati lisingekwenda popote bila wanaume wanne. Aliweka Kibiriti juu ya meza ya dawa, akakichomeka, akanawa, akaingiza mkono wake kwenye tundu la pili la sanduku. Mguu wa Kasorobo ulikuwa na urefu wa kidole gumba chake. Aliushika kisigino kikiangalia juu, sista akachoma, mtoto akafungua mdomo akatoa sauti nyembamba ya bawaba isiyotiwa mafuta. Sista alifuta, akangoja. Tone likaja taratibu, likajijaza, likang'ara, na Mama Sinki akalisogezea kadi mpaka likagusa mlango wake na kuingia lenyewe. Hapakuwa na mrija wala pipeti. Mkono wake wa kushoto ulitafuta sinki, ukakosa, ukatulia.

Dakika kumi na tano ni nyingi mno. Namba zilipotokea sukari ilikuwa imeshuka vibaya, na sista alikuwa ameshaanza kufungua dripu kabla Mama Sinki hajamaliza kuzisoma kwa sauti. Saa moja baadaye Kasorobo aliacha kutetemeka, akalala. Mshonaji alimwuliza Mama Sinki kama atakunywa chai. Alikunywa. Hakuimwaga ya kwanza, na hakuna aliyejua kwamba hilo lilikuwa tukio.

Wiki sita zilipokwisha alipeleka ripoti. Ilikuwa ukurasa mmoja. Mkuu wa maabara aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Mama, hii inajipinga. Umeandika: 'Kabati ni bora. Linapima watu mia mbili kwa asubuhi moja na haliharibiki. Kibiriti kinaziba, kinapima mmoja mmoja, na kadi zake hazirudiwi.' Halafu unaandika: 'Napendekeza Kibiriti.'"

"Malizia."

Mkuu akamalizia. "'Foleni itaendelea kuwepo. Watu wazima wana damu ya kungojea nayo. Njiti hawana.'" Akaikunja karatasi. "Foleni ile itakuchukia."

"Najua. Ndiyo maana kuanzia Jumatatu nitakaa mimi dirishani. Mtu akitaka kutukana, asitukane mtoto wa watu."

Walimtukana. Si wote, lakini walimtukana vya kutosha. Mzee mmoja mwenye koti la vifungo vya shaba, aliyekuwa amekuja mara ya tatu kuulizia majibu ya mkewe, alimwambia kwamba kwa umri wake angeona haya. Mama Sinki alimwambia anaona. Siku Kabati lilipoondoka kwa lori na wanaume wanne, alisimama mlangoni mpaka lori likakata kona. Alilipenda, na hakuona sababu ya kuficha.

"Kwa hiyo umechagua bomba jembamba," alisema mumewe jioni ile.

"Nimechagua."

"Litaziba."

"Likiziba nitalizibua. Si nimeolewa na fundi?"

Plasta juu ya sinki haikung'olewa. Pipeti kavu bado hujilambia, na wanafunzi bado walihitaji kujua. Aliongeza tu kipande cha pili chini yake, chenye maneno manne, na sasa mgeni akisoma ukutani anakuta: Ya kwanza ni ya sinki, kama ipo ya pili.

Kasorobo aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na kilo mbili kasorobo, kwa hiyo jina lake halikuhitaji kubadilishwa. Mama yake alikuwa ameshampa jina jingine, zuri sana, ambalo pale wodini hakuna aliyelitumia.

Ikaja Januari, na fomu zake. Mama Sinki alijaza yake akairudisha, na kabla ya saa nne karani wa utumishi akamwita.

"Mama Sinki, hapa umekosea. Idadi ya watoto umeandika watatu. Miaka yote ni wawili."

"Sijakosea. Nilikuwa nakosea."

Karani aliangalia mvi zake, akachagua maneno. "Na huyu wa tatu amezaliwa lini?"

"Si wa tatu. Ni wa kwanza."

"Umri wake?"

"Siku nne."

Karani alibonyeza hapa, akabonyeza pale. "Kompyuta haitaki siku, mama. Inataka miaka. Nikiweka siku inagoma."

"Weka sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri. Lakini muweke juu. Wale wawili washushe."

Karani aliwashusha, mmoja baada ya mwingine, mwalimu wa hesabu na dereva wa lori, akaweka sifuri juu yao. Halafu akasimamisha vidole. "Inataka na jina. Bila jina haihifadhi."

Mama Sinki alilitaja. Lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele ya mtu mwingine, na lilitoka dogo kuliko alivyotarajia. Karani hakulisikia vizuri. Alimwomba alitaje tena, polepole, herufi moja moja, na Mama Sinki akavuta kiti, akaanza na ya kwanza.